Kitanda cha Mtani wa Nzuguni

Nyoka nimewasamehe. Nge nimewasamehe. Hata askari wa Mdachi aliyenichapa viboko kule Mpwapwa kwa kuangusha sanduku la chupa nimemsamehe, maana naye alitumwa. Kunguni sijamsamehe mpaka leo wala sitamsamehe. Nikimkuta ukutani simpondi kwa kidole akafa upesi. Namtoa nje, namweka juu ya jiwe lenye jua, nakaa namtazama. Wajukuu wangu wananicheka. Wacheke. Hawakuposa Kilimatinde wao.

Nilikuwa mpagazi. Reli ilikuwa haijafika Dodoma, na mizigo ya boma ilikwenda kwa vichwa vyetu kutoka Mpwapwa mpaka Kilimatinde, kupitia Nzuguni na nyika ya Bahi, nyapara akitusukuma kwa matusi. Wenzangu waliogopa simba na kiu. Mimi niliogopa kulala. Mwili wangu Mungu kauumba vibaya: kunguni mmoja akinionja, asubuhi nimevimba kama mtu aliyeangukia upupu, jicho moja limeziba, na mzigo siuwezi. Na mpagazi asiyeweza mzigo, Mdachi alikuwa na dawa yake. Ikiitwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na dawa hiyo ilimwinua hata aliyelala.

Basi nikajifunza kujilinda. Kitanda cha mtu silali. Nikipewa, nakiinua, nakigonga mguu chini mara mbili, natazama kinachoanguka. Kisha natazama matundu yanamopita kamba, na nikiona vidoti vyeusi namshukuru mwenye nyumba natoka nje. Mzigo wangu sikuuegemeza ukutani hata siku moja. Niliutundika mtini kwa kamba niliyoilowesha maji ya tumbaku. Nililala uani juu ya mkeka wangu mwenyewe, nimeuzungushia majivu, na kila tulipopumzika mchana niliuanika juu ya mawe ya moto. Wenzangu walinidhihaki, huku wanajikuna. Walisema fisi atanila. Niliwajibu kwamba fisi akija huja mmoja.

Mjue pia kwamba katika tembe, zile nyumba ndefu za Wagogo zenye paa la udongo, adui ni wawili. Kunguni hukaa kitandani. Papasi hukaa chini, kwenye vumbi la sakafu na nyufa za ukuta, na huyo akikuuma hakuachii mabaka. Anakuachia homa inayokwenda na kurudi, inayokwenda na kurudi, mpaka siku inakuchukua. Ndiyo maana mwenye kitanda huvumilia kunguni wake. Kila msafiri alilijua jambo hili, na mimi nililijua kuliko wote.

Nzuguni tulifikia kwa mama mmoja wa Kigogo, mke wa mfugaji, mwanamke mrefu ambaye mdomo wake ulikuwa haujui kufungwa. Alitupikia ugali wa uwele na mlenda, nasi tukampa shanga na vipande vya nguo. Mimi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Sijui nani aliuanza utani huo, sisi tuliukuta. Mtani anaweza kukupokonya tonge mkononi, akakuita punda wa Mdachi, akamwambia mkeo kwamba umekufa njiani, nawe ukacheka na kesho ukamrudishia. Msiba ukiwafika, mtani ndiye anayewachimbia kaburi na kuwachekesha wafiwa, na kitu chochote cha marehemu atakachokitaka anakichukua. Sheria ni moja tu: hakuna kukasirika. Anayekasirika anatoa mbuzi, na aibu inabaki kwake.

Na yule mama tulitaniana vizuri kwa safari nyingi. Niliwahi kuficha mwiko wake akasonga ugali kwa mpini wa jembe. Yeye aliwahi kunitilia majivu kwenye uji, akaniambia ni chakula changu, si ndicho ninacholalia?

Mwaka huo nikawa na posa. Binti alikuwa wa Kilimatinde, nyumba ya Waislamu wa mjini, watu wa kanzu na ubani. Baba yake aliuza ngozi, hakuwa na mtoto wa kiume, na alitafuta mkwe wa kukaa naye dukani. Mnaelewa maana yake? Nisingebeba tena. Shingo yangu ingepona, na kiboko cha nyapara ningekisikia nikiwa kivulini. Binti mwenyewe nilikuwa nimemwona mara tatu akichota maji, na mara ya tatu na yeye alinitazama. Mshenga wangu, mpagazi mzee wa kundi letu, alishapeleka maneno na kujibiwa: aje na mkaja wa mama, tuzungumze. Mkaja ni nguo ya kumpa mama wa binti, kumshukuru kwa tumbo lililomzaa. Mimi nilikuwa na doti ya kanga nyekundu ya pwani. Niliifunga ndani ya kitambaa cha amerikani, nikakaza kamba, nikaapa sitaifungua mpaka mlangoni kwao.

Tulipofika Nzuguni alasiri, habari ilikuwa imenitangulia.

"Bwana harusi halali chini," yule mama akasema. "Leo utalala kitanda changu. Mimi nitalala na mbuzi."

Kitanda kilikuwa kimoja tu katika nyumba ile, cha miti myekundu, kimewambwa kwa kamba za ngozi. Mtu mwingine angesema asante. Mimi nilikitoa mpaka uani, mbele ya wapagazi wote na majirani waliokuja kututazama, nikakigonga mguu. Lo! Walidondoka kama pumba kwenye ungo.

"Njooni mwone!" nikapiga kelele. "Mtani wangu naye ni mfugaji! Ng'ombe wa mumewe wako malishoni, wa kwake hawa hapa!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mumewe, mzee mpole aliyekaa kwenye kigoda chake karibu na zizi, alicheka mpaka akakohoa. Mama mwenyewe pia alicheka. Lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza.

"Haya, mtani," akasema. "Nimesikia. Mifugo yangu itakusindikiza."

Nililala zangu uani ndani ya duara la majivu, kifurushi cha mkaja kinaning'inia kwenye mgunga. Asubuhi nilikwenda kunawa kisimani. Niliporudi kifurushi kilikuwa pale pale, fundo ni lile lile. Mama akanipa uji, safari hii hauna majivu, akanitakia heri. Nikasema moyoni, leo kawa mtu mzima.

Tulitembea siku tano na jua la Bahi linatupasua. Kilimatinde niliazima kanzu, nikajifukiza, nikaenda na mshenga wangu. Tuliketishwa barazani na baba mtu pamoja na wazee wawili. Shikamoo zikatolewa, kahawa ikaletwa. Kifurushi kikachukuliwa na shangazi, kikapelekwa ndani kwa wanawake. Nilisikia kamba ikifunguliwa, nikasikia sauti za kusifia ile nyekundu. Kisha mtu akapiga ukelele, "Uwii!" Kikafuata kishindo cha miguu na sinia kuanguka, na baada ya hapo kicheko. Wanawake kama kumi walicheka kwa pamoja, na kimojawapo kilikuwa kicheko cha msichana. Nilijua ni yeye. Sikuwahi kuisikia sauti yake kabla ya siku ile, wala sikuisikia tena baadaye.

Shangazi akatoka na sinia. Juu yake palikuwa na utete mfupi, kama ule wa kuwekea ugoro, mdomo wake umezibwa kwa mafuta na udongo mwekundu wa Kigogo, na jua lilikuwa limeyayeyusha mafuta yale. Pembeni ya utete walitembea wale waliobaki, wamekonda kwa njaa yao ya siku tano, wanatafuta mtu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, baba," shangazi akaniambia. "Sasa na sisi unatutaka tuliwe?"

Nilitaka kueleza. Nilifungua mdomo niseme ni utani, ni mtani wangu wa Nzuguni. Lakini wale walikuwa watu wa mjini, na utani wetu wa njiani kwao ni mambo ya washenzi. Baba mtu akajifuta mdomo polepole. Akasema, "Tumekuona, bwana. Jibu tutaleta." Jibu hilo halijafika mpaka leo. Kabla ya mvua, binti aliolewa na fundi cherehani.

Hasira hasara, wanasema. Waseme. Mimi nilirudi njia ile na sanduku la Mdachi kichwani, na kila hatua niliyoikanyaga nilimkanyaga yule mwanamke. Nilimpasua, nikamshona, nikampasua tena. Na tulipoingia Nzuguni alikuwa amesimama mlangoni, meno yote nje.

"Mtani! Mkwe kakupokeaje? Mifugo imefika salama?"

Wapagazi wote walinitazama. Ningeonyesha hasira pale, ningetoa mbuzi na kuchekwa mpaka pwani. Basi nikacheka. Nilicheka kwa meno, mashavu yakaniuma. Nikasema wamefika, wamezaa, wanakusalimu. Akapiga makofi kwa furaha, akaniongezea mlenda. Hakujua kwamba posa imevunjika, na sikumwambia. Ningemwambia angesikitika, na mimi sikutaka asikitike. Nilitaka alipe.

Mshenga wangu alinishauri nimseme bomani kwamba anapika pombe bila ruhusa. Nikakataa. Kumpeleka mtu kwa Mdachi ni uchafu, na mimi nilitaka kisasi changu kiwe safi, cha halali, ambacho hata yeye hataweza kukilalamikia. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Nilingoja. Nilipita pale safari baada ya safari, nikala ugali wake, nikataniana naye, nikamtazama shingo.

Kiangazi kilichofuata mumewe akafa.

Tulikuwa tunatoka Mpwapwa. Tulisikia vilio tangu mbali, na nyapara, ambaye naye aliogopa laana ya msiba, akaturuhusu siku moja. Ndugu za marehemu walinipokea kwa furaha. Mtani amefika! Nilishika jembe, nikachimba kaburi na wenzangu wawili. Nikafanya kazi yangu yote ya utani. Nilimwigiza marehemu anavyokohoa na anavyowaita ng'ombe, nikavaa ngozi yake nikadai mke wangu yuko wapi, mbona hajanipikia. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Mjane mwenyewe, ameketi chini kichwa kimenyolewa, alitikisika kwa kicheko machozi yanamtiririka.

Baada ya kuzika wakaniuliza, mtani, unachukua nini?

"Kitanda," nikasema.

Mjane akainua uso. "Mtani, chukua ngozi hiyo. Chukua kigoda chake. Chukua hata yule beberu. Kitanda niachie."

"Nataka kitanda."

"Nitalala wapi? Mgongoni kwako?"

Watu wakacheka.

"Lala na mifugo yako," nikamjibu, na safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Shemeji yake akasema mtani hakataliwi. Kitanda kikatolewa. Nikakikata kamba kwa shoka, nikavunja miti yake juu ya goti, nikarundika nyasi chini yake, nikatia moto. Siwafichi, jamani, nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena maishani. Walipasuka mle ndani, tat, tat, tat, na harufu yao nikaivuta kama ubani wa ile nyumba niliyonyimwa. Huyu wa shangazi. Huyu wa fundi cherehani. Huyu wa kile kicheko. Mjane alisimama karibu nami. Hakutazama moto. Alinitazama mimi usoni, kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani.

Safari ile mzigo ulikuwa mwepesi. Niliimba mpaka nyapara akaniuliza nimekunywa nini.

Tulikaa Kilimatinde miezi miwili, tukijenga ghala la boma. Tuliporudi Nzuguni hapakuwa na mtu mlangoni. Jirani ndiye aliyetupikia. Akasema mama ana homa. Imemshika, ikamwacha, ikamshika tena, sasa ni mara ya nne. Nikaingia. Alikuwa amelala chini, juu ya ngozi, kwenye vumbi lile lile, amekonda mpaka mifupa ya uso imetoka.

"Ah, mtani," akasema. "Karibu kitandani kwangu."

Sikujua pa kuketi. Nikachuchumaa. Akaniambia kwamba yeye si mzaliwa wa pale. Kwao ni Mtera, mtoni, watu wa vibanda vya nyasi, na alipoolewa huku mwaka wa kwanza papasi walitaka kumuua, maana damu yake haikuwazoea. Mumewe alikwenda porini akakata miti, akamtengenezea kile kitanda, akamwambia hapa chini usilale tena. Hakulala chini tena, ila kwa ajili ya mgeni.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema niachie. Ulitaka niseme nini, mbele za watu, nimkatalie mtani?" Akapumzika kidogo. "Mimi nilikutilia kunguni huku nacheka. Nilicheka peke yangu siku nzima, nikasema mkwe wake akimpenda atacheka naye. Mshenga wako ndiye aliyenieleza yaliyotokea, usiku ule wa msiba. Nisamehe hilo. Lakini wewe hukucheka, mtani. Nilikutazama usoni. Kanitolee mbuzi."

Jibu la haki lilikuwa moja, nalo ni kulia. Lakini ulimi wangu umezoea njia yake.

"Mgonjwa huna nguvu ya kutafuna," nikasema. "Mbuzi utamla na nini?"

Akatabasamu. "Huo sasa ndio utani," akasema, akafumba macho.

Nyapara alikuwa anaita. Mpagazi wa Mdachi hangoji homa ya mtu. Nilibeba mzigo mpaka Mpwapwa, na Mpwapwa nikamtafuta fundi seremala wa Kimanyema aliyekuwa anachonga vitanda. Nikampa kanzu yangu niliyokuwa nimeinunua baada ya ile ya kuazima, nikampa na mkeka wangu, akanipa matendegu, miguu minne ya kitanda ya mninga, na kamba mpya. Nikayafunga juu ya mzigo wa boma. Uzito wake sikuuhesabu. Usiku nililala chini kama wenzangu, bila mkeka, bila majivu, na kilichotaka kuniuma kikaniuma. Niliingia Nzuguni jicho moja limeziba.

Watu walikuwa wamejaa uani. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya lile la mumewe. Na pale katikati, amevaa ngozi ya mama yule mabegani, amesimama Mnyamwezi nisiyemjua, kijana wa kundi lililotoka pwani, anaigiza sauti ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

Nikaweka mzigo chini nikasogea. Mwanamume mmoja mrefu akanizuia kwa mkono. Alikuwa kaka yake, amekuja kutoka Mtera, na alifanana naye mdomo.

"Wewe ndiye uliyechoma kitanda?"

"Ndimi."

Akayatazama matendegu. Hakuuliza ni ya nini.

"Mtani wetu ni yule pale," akasema kwa adabu kabisa. "Wewe ni msafiri. Maji yamo mtungini. Kunywa, uende zako."

Nikanywa. Nikabeba mzigo wangu, na matendegu yangu juu yake, nikashika njia ya Dodoma. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka, maana yule kijana, Mnyamwezi mwenzangu, mgeni wa jana tu, alikuwa anawachekesha vizuri.